Ushahidi wa Ua la Pinki



Vitabu vingi vya biolojia hupanga somo la urithi kwa utaratibu ule ule. Kwanza huja Gregor Mendel na njegere zake zenye maua ya zambarau na maua meupe, na mwanafunzi huambiwa kwamba zambarau ni tawala ilhali nyeupe hujificha. Kurasa chache mbele, katika sehemu iliyotengwa kwa mambo yanayodaiwa kukiuka sheria ya Mendel, analetewa ua jekundu lililochavushwa na jeupe likazaa ua la pinki, na hali hiyo huitwa utawala usiokamili. Mpangilio huo humwacha msomaji akidhani kwamba kuna sheria moja safi, kisha msururu wa visingizio nyuma yake. Leo nitatetea hoja iliyo kinyume. Nitasema kwamba ua la pinki ndilo shahidi bora kuliko wote ambao sheria ya Mendel imewahi kuwapata, na kwamba kinachodai maelezo ni ule utawala kamili, tuliouzoea mno hata tukauona ni jambo la kawaida.

Tuanze na imani iliyotawala kabla ya karne ya 20. Karibu kila mtu, mfugaji kwa msomi, aliamini kwamba urithi ni kuchanganyika: damu ya baba na ya mama hukutana, na mtoto huwa kitu cha katikati. Kwa imani hiyo, wazazi wawili hukutana kama maziwa na chai kikombeni. Vikishamiminwa pamoja havitenganishwi tena, na kila ukiongeza maziwa rangi ya chai inazidi kufifia. Athari ya fikra hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwezi Juni 1867 mhandisi wa Uskoti, Fleeming Jenkin, alichapisha uhakiki mkali wa kitabu cha Charles Darwin kuhusu asili ya spishi, na hoja yake moja ilikuwa hii: ikiwa urithi ni mchanganyiko, basi sifa yoyote mpya inayojitokeza kwa kiumbe mmoja itapunguzwa nusu kwa mtoto, robo kwa mjukuu, na haitachukua muda kabla haijamezwa na wengi wasiokuwa nayo. Uteuzi wa asili hautakuwa na cha kuteua. Hesabu ya Jenkin ilikuwa sawa. Kilichokuwa na kasoro ni dhana ya urithi ambayo yeye na Darwin wote wawili waliichukua bila kuihoji sana, na Darwin hakuwa na jibu la kuridhisha. Ajabu ni kwamba jibu lilikuwa limeota katika bustani yake mwenyewe. Alikuwa amechavusha aina mbili za ua la Antirrhinum, moja lenye umbo la kawaida na jingine lenye umbo lisilo la kawaida, na katika kitabu chake cha 1868 alitoa hesabu ya kizazi cha pili: miche 127, ambayo 88 kati yake ilikuwa ya kawaida, 37 ya umbo lile jingine, na miwili tu ya katikati. Umbo lililopotea kizazi cha kwanza lilikuwa limerudi likiwa zima. Darwin aliziona namba hizo akazipita.

Sasa tulilete ua la pinki lenyewe. Mwaka 1900 wanabotania watatu, Hugo de Vries wa Uholanzi, Erich von Tschermak wa Austria na Carl Correns wa Ujerumani, waliirudisha hadharani kazi ya Mendel iliyokuwa imelala tangu 1866. Correns ndiye aliyeielewa kwa kina zaidi, na mojawapo ya mimea aliyoifanyia majaribio kwa miaka mingi ni Mirabilis jalapa, mmea wenye asili ya nchi za joto za Amerika na ambao leo hupandwa bustanini karibu duniani kote. Maua yake hufunguka alasiri, kuanzia kama saa kumi, na hunyauka asubuhi ya pili. Ukichukua aina ya maua mekundu inayozaa mekundu tu, ukaichavusha na nyeupe inayozaa meupe tu, kizazi cha kwanza chote huwa pinki. Kufikia hapo mtetezi wa mchanganyiko ana haki ya kutabasamu. Lakini mimea hiyo ya pinki ikichavushana yenyewe kwa yenyewe, kizazi cha pili huwa na mimea myekundu, ya pinki na myeupe, kwa uwiano unaokaribia 1:2:1. Wekundu uliorudi ni ule ule wa babu, na weupe hauna hata doa la wekundu. Ukiuchavusha mmea wa pinki na mweupe, nusu ya watoto huwa pinki na nusu weupe, wala hupati pinki hafifu ya robo. Ukiuchavusha na mwekundu, nusu ni wekundu na nusu pinki. Nadharia ya mchanganyiko ilitabiri jambo jingine kabisa kwa kila mojawapo ya machavusho hayo matatu, na katika yote matatu imeshindwa.

Ndiyo maana nasema shahidi huyu ni bora kuliko njegere. Njegere ya Mendel ingeweza kumpa mpinzani njia ya kukwepa. Katika jaribio lake la rangi ya maua, mimea 929 ya kizazi cha pili iligawanyika 705 ya zambarau na 224 meupe, na mtu angeweza kusema kwamba zambarau ina nguvu, inaisukuma nyeupe pembeni, na mara chache nyeupe inaponyoka. Kwa kuwa chotara na mzazi wake wa zambarau hufanana kwa macho, Mendel alilazimika kupanda kizazi kingine ili kuwatenganisha: katika mimea 100 yenye sifa tawala aliyoifuatilia, 36 ilizaa sifa hiyo pekee na 64 ikagawanyika tena. Kazi ya msimu mzima, kwa swali ambalo ua la pinki hulijibu siku linapochanua. Katika Mirabilis kila hali ya ndani ina sura yake ya nje: jeni mbili za wekundu ni nyekundu, moja na moja ni pinki, mbili za weupe ni nyeupe. Hesabu ya 1:2:1, ambayo kwa njegere imefunikwa na pazia la 3:1, hapa iko wazi. Na jambo linaloua kabisa wazo la mchanganyiko ni kwamba jeni ya wekundu na ya weupe zimekaa pamoja maisha yote ya mmea wa pinki, katika kila seli, zikifanya kazi moja ya kutia rangi, kisha zikatoka kwenye chavua na mayai zikiwa safi kama zilivyoingia. Kilichochanganyika ni kazi ya jeni. Jeni zenyewe hazikuchanganyika.

Wapo watakaosema kwamba Mendel mwenyewe alikuwa mtu wa sifa tawala na kwamba ninamtwisha hoja isiyo yake. Rekodi yake inasema vinginevyo. Katika makala ile ile ya 1866 alieleza kwamba muda wa kuchanua wa machotara wake ulikuwa karibu katikati ya wazazi wawili. Alizichagua sifa saba za njegere kwa sababu zilikuwa rahisi kuzitenganisha kwa macho, na hakudai kwamba viumbe vyote viko hivyo. Alipochavusha aina mbili za maharagwe, moja ya maua meupe na nyingine ya maua mekundu yaliyokolea, kizazi cha pili kilimpa msururu wa rangi kutoka nyekundu ya zambarau hadi urujuani hafifu, na katika mimea 31 iliyochanua ni mmoja tu uliokuwa mweupe. Badala ya kukimbilia mchanganyiko, alipendekeza kwamba huenda rangi hiyo imeundwa na vipengele viwili au zaidi vinavyorithiwa kila kimoja peke yake. Hata Mirabilis aliijua. Katika barua yake kwa profesa Carl Nägeli mwaka 1870 alieleza jinsi alivyoichavusha kwa chembe moja moja ya chavua ili kupima dai, lililoungwa mkono na Darwin, kwamba chembe moja haitoshi kutunga mbegu. Ilitosha. Mtu anayetaka kujua kama chembe moja na yai moja vinatosha ni mtu aliyekwisha kuamini kwamba urithi huja kwa vipande vinavyohesabika.

Pingamizi zito zaidi lilikuja mara baada ya 1900. Mwaka 1902 W. F. R. Weldon, mtaalamu wa takwimu za viumbe wa Uingereza, alionyesha kwamba njegere za sokoni hazigawanyiki katika kijani na manjano tu. Zipo za kila rangi katikati. Kama utawala hauko safi hata kwa njegere, aliuliza, sheria iko wapi? William Bateson alimjibu mwaka huo huo kwa kitabu kizima, chenye hasira kuliko ilivyohitajika, lakini kiini cha jibu kilikuwa sahihi: sheria ni kutengana kwa jeni wakati wa kuunda mbegu za uzazi, na utawala ni jambo la pembeni. Mfano mzuri ulikuwa kuku wa Andalusia wenye manyoya ya bluu ya kijivu. Wafugaji walikuwa wamehangaika kwa miaka mingi kupata bluu inayozaa bluu tupu, wakiondoa kwa subira vifaranga weusi na weupe wenye madoa waliotokea kila mara. Wasingefanikiwa kamwe. Kuku wa bluu ni chotara, na nusu ya vifaranga wa wazazi wawili wa bluu lazima wawe na rangi nyingine. Hapa utawala haupo, na bado hesabu ya Mendel inatabiri idadi ya vifaranga. Weldon alikuwa amepiga risasi ukuta ambao haukubeba nyumba.

Bado kuna msururu wa rangi usio na mapengo, kama ule wa maharagwe. Je, huo si mchanganyiko halisi? Jibu la kuridhisha lilitoka Sweden, katika kituo cha kuzalisha mbegu cha Svalöf, ambako Herman Nilsson-Ehle alichunguza rangi ya punje za ngano. Mwaka 1909 alionyesha kwamba ngano fulani nyekundu ilikuwa na jeni tatu tofauti za wekundu. Kila jeni inatia rangi kidogo, na athari hujumlishwa, hivyo kizazi cha pili huwa na wekundu wa viwango vingi vinavyokaribiana hata jicho lisione mpaka. Lakini kwa wastani mmea mmoja katika 64 hutoka mweupe kabisa, kwa kuwa umekosa zote tatu. Mchanganyiko hauwezi kutoa weupe huo. Angalia pia kwamba maelezo haya yanahitaji kila jeni itawale nusunusu. Kama kila moja ingetawala kikamilifu na moja ingetosha kutia wekundu wote, tungepata aina mbili tu za punje. Msururu laini wa rangi, ambao wapinzani waliuona kuwa adui wa Mendel, hujengwa kwa utawala usiokamili uliozidishwa.

Tuingie sasa ndani ya ua, kwa maana hapo ndipo swali linapogeuka. Rangi ya ua hutengenezwa na msururu wa vimeng'enya, kila kimoja kikipokea kazi ya kilichotangulia. Katika Antirrhinum rangi hizo ni antosianini, na jeni iitwayo nivea hutoa kimeng'enya cha hatua ya mwanzo. Ikiharibika kabisa, ua huwa jeupe. Katika Mirabilis kemia ni nyingine. Maandishi mengi huieleza kana kwamba nayo ina antosianini, na huo ni uzembe: ina betalaini, familia ya rangi iliyo pia katika bogainvilia, ambayo ni ndugu yake wa karibu, katika mchicha mwekundu na katika bitiruti. Haujapatikana mmea unaotengeneza antosianini na betalaini kwa pamoja. Hesabu ya 1:2:1 haijali hata kidogo ni kemia ipi, na hilo peke yake linatuambia kwamba sheria inakaa mahali pengine. Lakini pinki yenyewe hutokana na kemia. Mmea wenye jeni moja nzima na moja mbovu hutengeneza, kwa kawaida, takriban nusu ya kimeng'enya. Kama hatua hiyo ndiyo inayobana msururu mzima, nusu ya kimeng'enya ni rangi pungufu, na jicho linaona pinki. Kama hatua hiyo ina uwezo wa ziada, nusu inatosha, rangi inafika kiwango chake, na tunasema wekundu umetawala. Rangi ya zambarau ya njegere za Mendel inaongozwa na jeni ambayo mwaka 2010 ilitambuliwa kuwa hutoa protini inayowasha jeni nyingine za antosianini. Nakala moja nzima huwasha vya kutosha. Jeni nyeupe ya njegere haishindwi vita yoyote. Haifanyi kazi, na mwenzake anatosha.

Kwa nini basi utawala kamili umeenea kiasi hiki? R. A. Fisher alipendekeza mwaka 1928 kwamba uteuzi wa asili uliujenga taratibu, kwa kukusanya jeni nyingine zinazoficha madhara ya jeni mbovu. Sewall Wright wa Marekani hakukubali: alisema ni tabia ya msururu wa kemia wenyewe, wala haikuhitaji kujengwa. Mwaka 1981 Henrik Kacser na James Burns wa Edinburgh walionyesha kwa hesabu kwamba katika msururu mrefu wa vimeng'enya, kupunguza kimoja nusu kwa kawaida hupunguza mazao kidogo sana. Kisha mwaka 1991 Allen Orr akatumia kipimo ambacho nakiona kizuri kuliko vyote katika mjadala huu. Chlamydomonas ni mwani wa seli moja ambao huishi karibu maisha yake yote ukiwa na nakala moja tu ya kila jeni. Kiumbe kama huyo hana pa kuficha jeni mbovu, kwa hiyo uteuzi aliousema Fisher haukupata nafasi ya kufanya kazi. Hata hivyo, mwani huo ukifanywa uwe na nakala mbili, jeni mbovu kwa sehemu kubwa hujificha vilevile. Utawala ulikuwapo bila kujengwa. Hilo linampa Wright ushindi, na linatuachia hitimisho kwamba pinki na nyekundu ya chotara ni matokeo mawili ya mashine moja. Tofauti yake ni uwezo wa ziada uliobaki katika hatua fulani.

Ikiwa hivyo, utawala unapaswa kubadilika kulingana na mahali tunapotazama, na ndivyo ilivyo. Njegere laini ya Mendel hutawala njegere iliyokunjamana. Lakini mwaka 1908 Arthur Darbishire aliweka wanga wa chotara chini ya hadubini, na chembe za wanga hazikuwa za mzazi wa laini wala za mzazi aliyekunjamana. Umbo lake lilikuwa la kati. Kwa jicho tupu kuna utawala kamili. Kwa hadubini, hakuna, katika punje ile ile. Mwaka 1990 iligundulika kwamba kukunjamana hutokana na kipande cha DNA kilichoingia ndani ya jeni ya kimeng'enya kinachounda matawi ya wanga.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni selimundu. Mtu mwenye nakala moja ya jeni hiyo kwa kawaida haugui, kwa hiyo kwa daktari wa wodini ugonjwa umejificha. Damu yake ikinyimwa oksijeni vya kutosha katika maabara, baadhi ya seli hujikunja, kwa hiyo hapo utawala haujakamilika. Linus Pauling na wenzake walipotenganisha hemoglobini kwa umeme mwaka 1949, waliona katika damu ya mtu huyo aina zote mbili za protini bega kwa bega, wala hakuna inayoifunika nyingine. Na Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kuchunguza damu za watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye nakala moja hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria, mwenye nakala moja anampita asiye nayo na mwenye nakala mbili pia. Majibu manne kwa swali moja kuhusu jeni moja, na yote ni kweli. Ndiyo maana wataalamu wa ushauri wa urithi hawawaulizi wachumba kama jeni ni tawala. Wanawapima wote wawili, kisha wanahesabu 1:2:1 kama Correns.

Hapo huenda mtu akasema: ikiwa utawala ni suala la mahali pa kutazama, basi hata sheria ya Mendel ni suala la mtazamo. Haifuati. Tazama wanga, tazama hemoglobini, tazama petali: sura ya chotara inabadilika, lakini robo, nusu na robo hazibadiliki. Tena kuchanganya utawala na sheria kumewahi kuwapotosha watu werevu. Mwaka 1908 mwanatakwimu Udny Yule alidhani kwamba sifa tawala ya vidole vifupi ingepaswa kuenea hadi watu watatu kati ya wanne. G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, alionyesha kwa mistari michache ya aljebra kwamba utawala hauongezi wala kupunguza idadi ya jeni katika jamii. Wilhelm Weinberg wa Ujerumani alifikia hesabu hiyo hiyo mwaka huo. Na hapo ndipo Jenkin alipojibiwa, miaka zaidi ya arobaini baadaye: tofauti haimezwi, inahifadhiwa.

Wakulima wa maua wameijua sehemu ya jambo hili kwa vitendo. Pinki iliyotokana na chotara haiuziki kwa mbegu zake yenyewe, kwa sababu nusu ya miche itakayoota haitakuwa pinki. Katika mashamba ya mawaridi ya Naivasha, kama ilivyo kwa wazalishaji wa mawaridi popote, mimea huongezwa kwa kupandikiza, na hivyo mchanganyiko wa jeni uliopendwa hubaki ulivyo bila kupitishwa katika mgawanyo wa uzazi.

Mtu akitaka kuona sheria ya Mendel ikivunjwa kweli, hana haja ya kutoka nje ya mmea ule ule. Kuna aina ya Mirabilis jalapa yenye majani ya madoadoa, ambayo hutoa matawi ya kijani, matawi meupe na matawi yenye madoa. Mwaka 1909 Correns aliripoti kwamba mbegu za tawi la kijani huzaa mimea ya kijani, na za tawi jeupe huzaa mimea myeupe isiyoishi, hata chavua ikitoka tawi lolote. Chavua haina neno katika suala hilo. Leo tunajua sababu: rangi hiyo ya majani hubebwa na kloroplasti, zenye DNA yake zenyewe, na katika mmea huu hupitia upande wa yai peke yake. Huko hakuna robo wala nusu, na hakuna chotara wa katikati wa kurudisha rangi ya babu.